Kapteni Aliyekataa Kungoja Zamu

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya Upelelezi, Polisi wa Jeshi

Jina: Mzee Wembe, ndivyo ninavyojulikana. Umri: miaka 58. Kazi: kinyozi. Makazi: nyuma ya duka langu, mkabala na lango la kambi.

Koplo nitakayemtaja ni mwanangu wa kuzaa. Nalisema mapema, isije ikaonekana nimelificha.

Mnamo Jumamosi iliyopita asubuhi, nilikuwa namnyoa mwanangu huyo, aliyekuwa mapumzikoni na nguo za kiraia. Jirani yangu, fundi viatu, alikuwa anangoja zamu yake. Akaingia kapteni mwenye sare, akataka kiti. Fundi akamwambia kwa upole kwamba hapa hata bwana harusi hungoja. Kapteni akamsukuma ukutani, fundi akaanguka, kapteni akamkanyaga mkono kwa buti. Niliusikia mfupa ukivunjika.

Mwanangu akasimama, kichwa nusu kimenyolewa, shuka langu bado shingoni.

"Afande, mimi ni polisi wa jeshi. Uko chini ya ulinzi."

Kapteni akacheka, akamuuliza kama anakijua cheo chake. Mwanangu akajibu kwamba anakijua, ndiyo maana amemwita afande. Mimi roho ilikuwa juu juu. Koplo kumkamata kapteni ni kumfunga paka kengele.

Mwanangu akawaita wenzake kwa simu, akasimama mlangoni hadi walipofika. Wewe afande unayeniandikia ulikuwa miongoni mwao; ulimsikia akisema kesi hii asipewe yeye, kwa kuwa ni shahidi na duka ni la baba yake. Ukatutenga, ukapiga picha ukuta, ukachukua buti za kapteni.

Jumatatu kaka yake kapteni alikuja dukani. Alitaka niseme fundi aliteleza, akaongeza kwamba mwanangu bado ana safari ndefu jeshini. Alipoondoka nilimpigia mwanangu simu, nikamuuliza nifanyeje.

"Baba, usiniulize mimi. Mimi ni shahidi kama wewe."

Akakata simu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo. Nimenyoa vichwa vya majenerali, lakini sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Nimekuja kwa miguu yangu. Niliyoyaona ndiyo niliyoyasema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya mpelelezi: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Kapteni yuko mahabusu, anasubiri mahakama ya kijeshi. Kaka yake ameitwa kuhojiwa. Nilipomuuliza shahidi kama ana la kuongeza, aliomba nakala moja aibandike dukani. Nimemweleza kuwa hairuhusiwi.