Kiwanja cha Mtu wa Mwanga

Ikungi, 3 Machi 1974

Mwanangu Alute,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti. Wewe je, baridi ya Leningrad imekuachia masikio?

Tumehamishwa. Nyumba ya zamani na kaburi la mama yako vimebaki kule. Huku kijiji cha ujamaa tumepangwa mistari kando ya barabara. Nilimwambia mwenyekiti wetu, Zefania, kwamba unasomea mwanga, basi wakakukatia kiwanja ubavuni mwangu, karibu na barabara, ili nguzo za umeme zisipate taabu. Kila mkutano wananiuliza: taa lini? Nieleze vizuri nisije nikaumbuka. Humu ndani sina wa kuongea naye.

Baba yako,
Mughwai

Leningrad, 20 Mei 1974

Shikamoo baba,

Sijambo, masikio yapo. Pole sana kwa kuhama.

Umenichekesha, kisha umenitia hofu. Sisomei taa, baba. Mashine yetu inaitwa leza, na mwanga wake jicho haliuoni. Ni ndugu wa lile joto linalobaki kwenye figa moto ukishazimika: huoni kitu, lakini mkono unajua. Mwanga mwingine wa aina hii unatoboa chuma. Wangu tutaupitisha kwenye hewa ya migodini. Kukiwa na gesi ya sumu, gesi hiyo inameza sehemu ya mwanga, nasi tunajua kabla mchimba madini hajaivuta.

Waambie ukweli. Novemba namaliza, nakuja kujenga. Huku naweza kushinda na mashine kutwa bila mtu kuniita jina.

Mwanao,
Alute

Ikungi, 11 Agosti 1974

Marahaba, mwanangu. Mimi hivyo hivyo, namshukuru Mungu.

Barua yako niliwasomea mkutanoni, yote. Zefania akauliza, "Sasa mwanga usioonekana utatusaidia nini sisi tulio gizani?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikasirika, sitaficha. Wamekata shauri: kiwanja kisipoanza kujengwa mvua zikianza, anapewa mwenye shida.

Njoo, Alute. Hata mikono mitupu, wewe njoo.

Baba yako,
Mughwai

Leningrad, 2 Februari 1975

Shikamoo baba. Magoti yanaendeleaje?

Novemba ilipofika waliniomba nibaki miaka miwili, mashine ikajaribiwe migodini. Nikakubali. Kila niliposhika kalamu kukuambia, nilishindwa. Nakukumbuka mpaka naumwa. Tafadhali, waombe wanitunzie kiwanja.

Mwanao,
Alute

Ikungi, 30 Aprili 1975

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi u mzima. Nilidhani umekufa.

Mvua zilianza bila neno kutoka kwako, wakampa Esta, mjane mwenye watoto watatu. Siku aliyosimamisha nguzo za nyumba sikutoka ndani. Kesho yake nilimwona anahangaika peke yake, nikaenda kumshikia fito. Siku hizi uji wangu unatoka kwake.

Fanya kazi yako. Hao wachimba madini nao wana baba zao. Usikimbilie kurudi kwa ajili yangu.

Watoto wa Esta walianza kuniita babu. Niliwakataza, nikawaambia wajukuu wangu hawajazaliwa. Sasa wakiita, naitika.

Baba yako,
Mughwai