Mirihi ya Jioni

Shoga, usinicheke. Nimeharibu, na roho inanisuta vibaya.

Leo si nilikuwa na wale walimu wa sayansi, nawafundisha kutumia darubini. Jioni tukapanda juu ya paa la chuo. Nikalenga kitu chekundu juu ya mabati ya karakana, nikawaambia, "Karibuni, hiyo ndiyo Mirihi, sayari nyekundu yenyewe."

Wakapanga foleni. Wakachungulia mmoja mmoja.

Wa mwisho ni yule mzee niliyekuambia, anayestaafu mwaka huu. Akainama pale mpaka wenzake wakaanza kukohoa. Alipoinuka, macho yake yamelowa. "Mwanangu, hii sayari nimeichora ubaoni tangu sijaoa. Leo nimeiona."

Akampigia mkewe palepale. "Mama watoto, nimeiona."

Halafu wingu likatanda anga zima. Nyota zote kwisha. Mirihi yangu bado inawaka.

Shoga, ile ni taa ya mnara wa simu. Nimewapangisha foleni walimu wazima kutazama taa.

Wenzake walishaanza kushuka ngazi, hawakuona, wala mzee mwenyewe aliyekuwa ameinamia simu yake. Nikafungua mdomo nimwambie mzee, akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anizidishie. Nikasema amina. Yaani badala ya kusema ukweli, nikaitikia amina.

Sasa hivi ameniandikia. Kesho jioni analeta darasa lake lote, anauliza kama Mirihi itakuwepo.

Itakuwepo, shoga. Palepale.