Kisanduku Cheupe cha Jumapili

Bweni la Wanafunzi wa Kigeni,
Chumba 412,
Guangzhou, China.
14 Oktoba 2009

Mpendwa Dada Melania,

Shikamoo dada. Habari za hapo Mbeya na za nyumba nzima? Presha ya Mama imeshuka? Calvin kile kikohozi cha baridi kilimwachia, au bado anakikumbatia ili asiende shule? Na Joyness, jino la mbele limeota? Mimi mwili hauna tatizo la kukutia wasiwasi, ila usingizi umenikimbia na chakula hakipiti.

Barua hii anakuletea Bibiana, yule mwenye duka la viatu Mwanjelwa, ambaye anaruka Ijumaa. Nimemwomba akupe mkononi mwako, si kwa mama mkwe wako, wala asikae kukusubiri uisome. Tafadhali keti kwanza.

Umeambiwa kwamba Theophil yuko Xintang anasimamia jinzi zake na kwamba simu yake imeharibika. Si kweli. Mumeo alikamatwa Jumapili ya tarehe 20 Septemba hapa Sanyuanli, visa yake ikiwa imeisha tangu Agosti. Yu hai, hajapigwa na anakula. Wenzetu walikuficha kwa sababu yeye mwenyewe aliwaomba hivyo. Mimi nilikuficha kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unajua nilikuja huku kusoma shahada ya pili ya kompyuta. Ninachosoma hasa ni kuifundisha mashine ijifunze kutokana na takwimu. Unailisha mambo elfu yaliyokwisha kutokea, nayo inakisia la elfu na moja. Wenyewe wanaiita akili bandia. Mama aliposikia alisema basi wanigawie na mimi kidogo, maana ile niliyozaliwa nayo inaishia kwenye vitabu tu. Wakati ule nilicheka sana.

Mwaka huu misako ya polisi imezidi. Kabla ya sherehe zao za Oktoba walikuwa hawaongezi tena visa, hata kwa mtu ambaye hana doa. Watu walisimamishwa kwenye kona, kwenye ngazi, hadi sokoni, na neno ni moja tu, “Huzhao!”, yaani pasipoti. Mwenye visa iliyoisha anaondoka nao palepale. Nikaona nina elimu mkononi na ndugu zangu wanawindwa, kwa nini nisiwasaidie? Nikachagua kazi yangu ya kumalizia masomo iwe hiyo, mashine ikisie msako utakuwa mtaa gani na saa ngapi.

Nikawaomba watu wa ibada yetu, Watanzania na Wakongo, kila mmoja akiona msako anitumie ujumbe kwa simu, mtaa na saa basi. Walikubali arobaini na watatu. Ndani ya miezi mitano nilipata meseji zaidi ya elfu moja. Nikachora jedwali la siku saba, kila kipindi cha masaa matatu na kisanduku chake, palipo na hatari nikapaka rangi nyekundu. Karibu kila siku ilikuwa na wekundu wake. Kisanduku kimoja tu kilibaki cheupe kabisa, Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Hakukuwa na meseji hata moja. Mashine nayo ikasema hapo ni salama.

Tulipoipima ilipatia mara nane kati ya kumi. Mwalimu wangu akanisifu mbele ya darasa. Nikavimba kichwa, dada, wewe ndiye uliyenipa jina la Mwalimu Najua na hukukosea. Nilichapisha jedwali lile, watu wakalikunja wakatia mifukoni.

Theophil alikuwa amekwama kwa sababu laoban wake, yule bosi wa kiwanda cha jinzi, alimzungusha wiki baada ya wiki. Nilimwambia aende nyumbani, mzigo utamfuata. Akakataa, akasema hawezi kuondoka akaacha kontena halijafungwa. Kwa hiyo alijifungia. Ibada yetu iko ghorofa ya pili ya jengo lilelile alilopanga, hivyo alikuwa anashuka ngazi tu, anaimba besi yake, anarudi chumbani. Alikuwa hakanyagi barabara.

Sasa ajenti wa mizigo akamtaka aende kutia saini karatasi za kontena. Ofisi iko mwendo wa dakika kumi, na ajenti huyo hufungua hata Jumapili. Jumamosi Theophil akaniuliza aende lini. Nikamwambia, aende kesho wakati wa ibada, hiyo ndiyo saa salama kuliko zote. Akasita, kwaya itamkosa. Nikamwambia Mungu atamwelewa kwa siku hiyo moja. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Walimkamata akitoka kwenye mlango wa ajenti. Sisi tulikuwa tunaimba.

Siku mbili baadaye nilipita kwa Abdulwakil, Mzanzibari mwenye mgahawa Huanshi Zhonglu. Nilikwenda kumwuliza kama amesikia watu wanapelekwa wapi. Nikamlalamikia kwamba haijawahi kutokea, msako Jumapili asubuhi! Akaacha kupanga sahani akaniangalia. “Jumapili asubuhi ndo siku yao hasa,” akasema. “Kila wiki nawaona wakipita. Mbona hukuniuliza?”

Sikumwuliza kwa sababu hasali nasi. Dada, watu wangu wote arobaini na watatu niliwapata kanisani. Saa tatu hadi saa sita wote wako ibadani, na mchungaji wetu hataki simu. Mlangoni kuna kapu, kila anayeingia anazima yake anaitumbukiza humo. Hata yangu ilikuwa kapuni. Kisanduku kilikuwa cheupe kwa sababu hakuna aliyekuwepo barabarani kuwaona. Na kile kipimo cha nane kati ya kumi kilitoka kwenye meseji zilezile zenye tundu lilelile, mashine ingejuaje? Jambo hilo tulifundishwa muhula wa kwanza, na nilipata alama nzuri katika mtihani wake. Mama husema kimya kingi kina mshindo mkuu, naye hajagusa kompyuta maishani mwake.

Nimeruhusiwa kumwona mara mbili, kwa kuwa nazungumza lugha yao na walihitaji mkalimani. Mara ya kwanza alikuwa na aibu tu, akauliza watoto. Mara ya pili akaniambia, “Shemeji, usijisumbue. Karatasi yako ilisema mwisho saa sita. Nadhani nilichelewa pale kwa ajenti, maana tulipiga soga. Kosa ni langu.”

Askari alikuwa amesimama pembeni anasubiri nitafsiri. Nikatafsiri mambo ya nguo na tiketi. Hilo la kosa sikulijibu. Nilinyamaza, dada. Kukosea kwenye hesabu kunaweza kumpata yeyote, ila kunyamaza pale nilinyamaza kwa akili zangu timamu, kwa sababu nilipenda kusikia si mimi. Najichukia kwa hilo kuliko kwa jedwali.

Niliporudi kumwomba ruhusa mara ya tatu walikataa. Wanasema watampeleka moja kwa moja uwanja wa ndege Jumatatu hii, tarehe 19, ingawa hata Jumatatu iliyopita walisema hivyohivyo. Atakuja na begi moja, na muhuri wa kumzuia asirudi China kwa miaka. Kontena liliondoka salama, hilo alilipigania likafaulu, basi usimruhusu mtu yeyote wa ukoo amwite mzembe.

Jumapili iliyopita nilimwomba mchungaji dakika mbili. Nikasimama mbele nikawaambia watu wachane jedwali, na nikaeleza kwa nini. Marie-Louise, mama mmoja wa Lubumbashi ambaye visa yake nayo imeisha, alinifuata nje. “Ile karatasi nilikuwa natembea nayo mu sakoshi sawa rozari,” akaniambia akiupigapiga mkoba wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Chuoni pia nimemwambia mwalimu kwamba kazi yangu si nzuri kama alivyodhani, na sasa namwuliza Abdulwakil na kila muuza matunda ninayekutana naye.

Ukikasirika nitaelewa. Ukikaa mwezi hunipigii simu nitaelewa, ingawa nitaumia. Lakini nina ombi moja, na kwa sababu ya ombi hilo nimetaka barua imtangulie mumeo. Nilikwenda kwa ajenti, akanipa nakala ya ile karatasi aliyotia saini Theophil. Nimeikunja ndani ya bahasha hii. Pembeni ina muhuri wa siku na saa, uliogongwa Theophil akiwa anaaga, tarehe 20 Septemba, saa tano na dakika ishirini.

Nisalimie Mama, mwambie presha isipandishwe na mimi, maana nitajitetea mwenyewe nikija. Nisalimie kaka Didas na watoto wake, na umbusu Calvin na Joyness paji la uso. Mungu aliyemlinda kule nilikoshindwa kumlinda amfikishe mlangoni kwako akiwa mzima.

Na akifika, dada, atakuambia kwamba alichelewa. Usimkubalie. Mwonyeshe muhuri.

Mdogo wako akupendaye, hata kama wiki hii hapendeki kwako,
Kissa