Baba Mwenye Wasiwasi

Baba Kidoti,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nepi. Nimempeleka mwanao kliniki kuchanjwa. ~~Usitufuate.~~

Alfajiri pazia lilikuwa likipumua taratibu, mtoto anacheka usingizini, nami nusu bado niko ndotoni. Nikafungua lile kundi la wazazi mtandaoni, nikamjibu yule “Baba Mwenye Wasiwasi” ambaye nimebishana naye wiki nzima juu ya chanjo. Kutuma tu, simu yako ikawaka kando ya mto: “Baba Mwenye Wasiwasi, umejibiwa.”

Kumbe ni wewe, mume wangu. Umewamwagia watu usiowajua hofu ambayo mimi, ninayelala ubavuni pako, hukuwahi kuninong'oneza. Nami nimekuita kichwa maji mbele za watu. Hilo unisamehe, ingawa bado sijalifuta.

Halafu kuna hili. Kule nilijifanya jasiri, lakini sindano naiogopa kuliko wewe. Tutakuwa benchi la mwisho, karibu na dirisha. Njoo umshike wewe, mimi nitaangalia nje.

Mama Kidoti