Unyevu Sifuri

Dada, nimetoka mbele ya darasa sasa hivi. Sijalia.

Ule utafiti wangu wa mwisho, wa jinsi upepo unavyoleta unyevu kwenye bonde letu, ule tuliouombea. Nimesimama na jedwali langu la hesabu mkononi, nikasema, "Kwa mwaka mzima, unyevu ulioingia bondeni ni sifuri."

Sifuri. Nimeitamka kwa sauti kabisa.

Na mvua inapiga bati mpaka mwalimu akaniomba nirudie.

Nikarudia.

Yule fundi redio ninayesoma naye, anayekaa nyuma, akauliza, "Mama, sasa anayegonga paa ni nani?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Afadhali angecheka.

Akaniuliza, "Mama, ulitafuta wastani wa upepo kwanza?" Nikasema ndiyo. Wa upepo peke yake, wa unyevu peke yake, kisha nikazidisha. Kumbe upepo unakuja umebeba maji na unarudi mkavu. Mimi nikaacha kuja na kurudi kwake vifutane, wastani wa upepo ukawa sifuri, na sifuri hata uizidishe kwa unyevu gani inabaki sifuri. Nilipaswa kuzidisha siku kwa siku, ndipo nitafute wastani.

Nina mpaka Jumatatu kufanya hesabu zote upya, la sivyo narudia mwaka.

Mwezi mzima tumefunga na kuomba mvua, dada. Imekuja nikiwa nimesimama nathibitisha kwamba haiwezi kuja.

Wenzangu wameshaondoka. Nimebaki darasani naitazama mvua. Nashukuru, nashukuru kweli. Ila mwavuli niliuacha nyumbani. Niliamini jedwali langu.