Magauni Sita, Ijumaa

Jumanne

Nimekisema! Kile Kiingereza cha darasa la jioni, cha "ukifanya hivi, nitafanya vile", kimenitoka leo mbele ya mteja, wala sikukwama.

Ni mama mmoja aliyekulia Uganda. Anataka magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi, binti yake. Akaniuliza kwa Kiingereza yatakuwa tayari lini. Sisi mafundi wa Nyamirambo, hapa Kigali, jibu letu ni moja: njoo kesho. Mteja anajua si kesho, fundi anajua kwamba mteja anajua, na hakuna anayegombana. Lakini kwa Kiingereza bado sijui kudanganya! Nilikuwa na sentensi ile moja tu. Nikamwambia: ukileta vitambaa leo, nitamaliza Ijumaa.

Akanitazama, akarudi kwenye Kiswahili. "Kweli, fundi? Hakuna fundi mwenye alishanitajia siku."

Nikadhani kaenda zake. Kabla ya alasiri huyo, amerudi na vitambaa, na wasichana wote sita wa kupimwa.

Mwenzangu Hawa, ninayeshona naye duka moja, alicheka mpaka akaacha cherehani. "Yewe, dada, umejifunga mwenyewe! Si ungemwambia kesho?"

Naogopa, sikatai. Sijawahi kumaliza hata sketi kwa siku niliyosema. Lakini mikono inaniwasha kwa furaha, na magauni mawili nimeshayakata.

Yaliyobaki nayakata kesho. Kesho yenyewe, Jumatano.