Swali Langu Kuhusu Msitu

Kagure, nimekwisha. Si unajua ile njia ya watalii tunapanga, ya kutembea kwa miguu kutoka Nkubu hadi Embu kupitia msituni?

Leo kwa baraza nikauliza wakulima, "Mngelipa pesa ngapi ili msitu ubaki?" Nilitaka tu kujua wanauthamini kiasi gani!

Mzee Muthamia akasimama. "Kumbe msitu unauzwa?"

UNAUZWA, Kagure! Nikamwambia hapana mzee, ni swali tu la utafiti. Akaniuliza, "Sasa nani huuliza bei ya kitu kisichouzwa?" Watu wakatawanyika, nikadhani wameenda nyumbani.

Kumbe wameenda kuchukua misumeno! Wanakata miti kabla mnunuzi afike, naisikia ikianguka, na chifu hashiki simu.

Muthamia amenipita sasa hivi na msumeno begani. Amenisalimia kwa mikono miwili. "Asante sana madam, kwa kutuambia mapema."